Korongo Kifuani mwa Baba

Mwaka umetimia leo, Baba yetu Hezron Siwale, tangu homa ikuchukue hapa Tunduma, Agosti 1953, siku ya nne baada ya kurudi kutoka Ivuna, kando ya Ziwa Rukwa. Tunalima, tunakula, tunakwenda kanisani. Watu wanasema tumejikaza. Si kweli, Baba. Ni ganzi tu, kama ya mguu uliokaliwa.

Ulikuwa fundi cherehani. Kwaya nzima ya kanisa la Ibaba ilivaa mashati yako, na kila shati ulilitia mfuko wa ziada, "wa karanga." Lakini moyo wako ulikuwa kwenye kamera ya sanduku. Wenzako walirudi kutoka migodini Rodesia na baiskeli. Wewe ulirudi na sanduku la kuchungulia ndege. Walicheka mpaka wakachoka.

Kila kiangazi ulipanda lori la chumvi hadi Ziwa Rukwa, ukalala kifudifudi kwenye tope la ufukoni ukimsubiri ndege mwari afungue mdomo. Kila ulipopiga picha ulijiambia kwa sauti, "Zungusha kwanza," ndipo ukasogeza filamu. Mtaa ukakupa jina: Baba Zungusha.

Safari ya mwisho ulikwenda na Mama na binti yako Tabita. Asubuhi mliwaona heroe, wale ndege wa waridi, wengi hata maji hayakuonekana. Adhuhuri ukampiga picha korongo aliyesimama kwa mguu mmoja. Mama akasema, "Baba Tabita, ndege wote wana picha, wewe huna hata moja. Simama basi na wewe."

Ukamkabidhi kamera, ukaweka kofia sawa, ukasimama. Akabonyeza.

Picha zilirudi kwa posta kutoka Mbeya wiki tatu baada ya kukuzika. Filamu haikuwa imezungushwa. Wewe na korongo mmepigwa juu ya karatasi moja: mguu wake umepita tumboni mwako, shingo imepanda kifuani, mdomo umeziba uso. Huna picha nyingine duniani. Ndiyo hiyo juu ya tangazo hili.

Mama hakuigusa tena. "Nimemfuta baba yenu kwa mikono yangu," alikuwa akisema, bila kulia. Tulitamani alie.

Sasa utusamehe, Baba, tunasema mbele za watu. Tabita alikuwa karibu nanyi. Neno hili amelifungia moyoni mwaka mzima, akiogopa kumsema marehemu. Ulipompa Mama kamera, Mama aliuliza, "Nizungushe kwanza?" Ukacheka, ukamjibu, "Iko tayari, Mama Tabita. Bonyeza tu."

Kosa lilikuwa lako.

Jana Tabita alimsomea Mama tangazo hili kabla hatujalituma gazetini. Mama akaichukua picha, akaipangusa kwa kanga, akaisogeza dirishani. "Kumbe kofia inaonekana," akasema. Kisha akalia mpaka majirani wakaja.

Wanaokukumbuka ni mkeo Roda, wanao Tabita na Amoni, mdogo wako Sadoki aliyeko Nakonde, na wanakwaya wote wenye mifuko ya karanga.

Hatutakusahau kamwe, Baba Zungusha.