Waride wa Wimbo Ule ni Mwanangu

Mpendwa mshauri, naomba msaada, na unisamehe maneno yangu yakiwa makali, maana nimejaa hasira. Mimi ni Mwanamkuu, nimeolewa hapa Mtunda na bwana Kondo, na ule wimbo wa "Waride Amka" unaopigwa kwenye santuri kila mkahawa toka Kibiti hadi Dar es Salaam, hata karani wa Bwana Shauri wa wilaya anaupigia mluzi, watu wanadhani Waride ni hawara wa mwimbaji, kumbe Waride ni binti yangu, alishikwa na homa tukiwa juu ya dungu shambani tunalinda mpunga, mto ukafurika, hatuna chombo cha kumfikisha zahanati, nikawa nimempakata namwimbia, "Waride amka, maji yamejaa, mtumbwi unakuja," na mtumbwi ulipokuja mtoto alikwisha kata roho. Matangani niliuimba tena kwa kulia, na shemeji yangu Bwanaheri, mdogo wake Kondo, alikuwepo, akanisikiliza, akaenda zake Dar akautia gitaa akaufanya wake.

Juzi tulikuwa Bungu kwenye harusi ya Mwajabu, mpwa wa mume wangu, Bwanaheri akaja kutumbuiza, akawaambia watu, "Huyu Waride alikuwa kimwana wa Ilala, alinitesa kweli kweli!" watu wakacheka, akaanza kuimba, wanawake wakakata viuno na vigelegele juu, nami nikajikuta nimempokonya gitaa nimelibamiza kwenye nguzo, nikamwambia, "Waride yuko chini ya udongo, mshenzi wee!" Harusi ikavunjika, bibi harusi akalia. Sasa Kondo ananiambia, "Umenivunjia heshima. Ijumaa baada ya sala utamtaka radhi mdogo wangu mbele ya watu, barazani kwa jumbe, la sivyo urudi kwenu Mtawanya." Na huyo Kondo ndiye aliyeshuka kaburini kumpokea mtoto! Niombe radhi, au nifunge mizigo?

Mwanamkuu, Mtunda

JIBU

Mwanamkuu mwanangu, pole sana. Santuri hiyo ninayo nyumbani. Leo nimeitoa, sitaipiga tena.

Lakini nikuambie ukweli. Mwajabu amekukosea nini? Umeigeuza siku yake kuwa matanga. Nenda Bungu kesho, umkalie chini, umtake radhi yeye na mama yake. Na wewe, wimbo ulipoanza kuvuma mbona hukusema kitu? Ulimngoja nani akusemee?

Bwanaheri usimtake radhi. Kilio cha mama amekifanya kichekesho cha harusini, halafu tumwonee huruma kwa gitaa? Hana aibu.

Nawe Kondo, najua gazeti hili husomwa kwa sauti huko barazani, basi nisikilize. Gitaa limevunjika umeona fedheha. Mwanao anaitwa kimwana wa Ilala mbele ya ukoo mzima, hukuona fedheha? Unamfukuza mkeo kwa sababu amelia, ilhali wewe ulinyamaza?

Mwanamkuu, usifunge hata kanga moja. Ijumaa vaa vizuri, nenda barazani kama ulivyoitwa. Waambie watu Waride alikuwa nani, alikufaje na amezikwa wapi. Usitukane mtu. Ukimaliza mgeukie mumeo, umuulize mbele yao wote baba yake Waride ni nani, kisha umngoje ajibu.