Tunaomba Treni ya Kushuka Tu

Sheffield, Uingereza
11 Machi 1956

Kwa Baba,

Pokea salamu zangu, wewe na Mama na mke wangu Chepchirchir. Mimi niko salama, ila baridi ya huku inaingia mpaka kwenye meno. Mguu wako unaendeleaje? Nakuandikia Kiswahili kama ulivyotaka, ili watu wa gengi, wanaotunza reli pamoja nawe, nao wasomewe.

Baba, nimeona jambo na sijui nilianzie wapi. Hawa wanaotufundisha ufundi wa injini walinipeleka jana kwenye reli inayovuka milima kwenda Manchester. Treni ikaja haina moshi. Haina moto, haina tangi la maji, haina fayamani. Juu ya reli kuna waya, na stima, yaani umeme, inatoka kwenye waya huo, basi. Mimi fayamani, niliyelisha moto wa injini miaka minne pale Nakuru nilisimama nimeshika kofia kama niko kanisani.

Tena ilisimama katikati ya mlima. Wakapanda akina mama watatu na vikapu vyao, ikaondoka bila hata kukohoa. Nikakumbuka kwetu. Machozi yalinitoka na sikuona haya.

Mwanao,
Kipkemei


Gengi ya Kumi na Moja
Kati ya Elburgon na Molo
2 Aprili 1956

Mwanangu Kipkemei,

Barua imefika na nimeisoma mara tatu, mara ya pili kwa sauti. Sisi tuko. Mvua imeanza, na mguu wangu ulijua kabla ya mawingu. Mama yako anauliza kama huko kuna maziwa ya kueleweka.

Treni yako imeleta ugomvi hapa. Peterson, yule anayekaza misumari na mimi, anasema Wazungu wamekulewesha. Gari la moshi bila moshi, anasema, basi ni gari la nini? Nikamwambia mtoto wangu hajui kudanganya, tangu mdogo akijaribu masikio yanamchezacheza. Lakini kusema kweli, nimekuamini nusu.

Ni hiyo habari ya kusimama mlimani. Unajua miaka kumi na moja tunaomba treni isimame hapa, na jibu ni lile lile: mlima ni mkali, ikisimama haitaondoka. Mimi ni nyapara wa reli, najua hawadanganyi. Nimeona magurudumu yakizunguka bure pale kwenye kona wakati wa mvua.

Sasa nikuambie. Chepchirchir amebeba mimba tena. Mama yako anahesabu Septemba. Mke wako hakutaka nikuandikie, kwa sababu ya ile mara ya kwanza. Wewe ulikuwa kazini Nakuru, na kuna kitu sikukuambia. Uchungu ulipomshika tulimbeba kwa machela tukifuata reli kwenda stesheni ya Elburgon, maili saba, na treni ya kwenda Nakuru ikatupita. Abiria walitupungia mikono. Nami nikatoa bendera ya kijani kiunoni nikaipeperusha ipite, maana ndiyo sheria. Mtoto akafia njiani.

Baba yako,
Hezekiah


Sheffield
19 Aprili 1956

Baba,

Salamu kwenu nyote, na kwa Chepchirchir zaidi. Afya ninayo, ila tangu barua yako chakula hakina ladha. Ningesema aende Nakuru mapema akangojee huko, lakini nyumba yangu ya reli amepewa mwingine, na barabara mwezi wa Septemba ni matope matupu.

Sijui la kufanya, kwa hiyo nakuandikia nilichoona. Dereva mmoja mzee, Arthur, alinipandisha kwenye injini. Tulipoanza kuteremka, mshale unaoonyesha stima ukarudi nyuma. Nikadhani mashine imeharibika. Arthur akacheka. Akaniambia, tukishuka uzito wetu unazungusha mashine, stima inarudi kwenye waya, na inachukuliwa na yule anayepanda upande wa pili. Fikiria, Baba. Treni inayoshuka ina nguvu nyingi kuliko inavyohitaji, ile ya ziada inampa mwenzake, na wala hawajaonana.

Kwa nini sisi tusiwe na hii? Jinja wamekwisha kuziba Nile wanatoa stima. Nikirudi nitawaandikia wakubwa. Wakicheka, nitaandika tena.

Mwanao,
Kipkemei


Gengi ya Kumi na Moja
30 Juni 1956

Mwanangu,

Sisi wazima, na mke wako tumbo limeonekana. Nilinyamaza kwa sababu nilikuwa nafikiri, na unajua mimi hufikiri polepole.

Ni yale maneno yako, kwamba inayoshuka ina nguvu nyingi kuliko inavyohitaji. Niliyasoma wakati wa chai, nimekaa juu ya mataruma, nikajipiga kofi kwenye paji la uso mpaka Peterson akauliza kama ni nyuki. Kipkemei, sisi ni wajinga. Miaka kumi na moja tunaomba treni isimame, ya kwenda na ya kurudi pamoja, na kila mwaka wanatujibu habari ya ile inayopanda. Inayoshuka hakuna aliyeiuliza. Hata mimi ninayelala kando ya reli.

Hospitali iko Nakuru, na Nakuru iko chini. Mgonjwa wetu anashuka. Treni ya kushuka ikisimama hapa, itaondoka yenyewe ukiachia breki tu.

Nikaita watu. Wengine wakanung'unika kwamba tunaomba nusu mkate. Nabalayo mkunga akasimama akasema, "Mimi nipeni ya kwenda. Kurudi, mtu aliyepona ana miguu." Hapo maneno yakaisha. Tumeandika: tunaomba treni ya kushuka tu. Alama za madole gumba sitini na matatu. Barua imepelekwa kwa wakubwa wa reli, na hawajajibu.

Baba yako,
Hezekiah


Sheffield
26 Agosti 1956

Baba,

Natumaini hamjambo. Wiki nane sijapata neno. Wamejibu? Chepchirchir yuko hali gani? Kila siku naingia kwenye zile treni, watu wanasoma magazeti yao, hawaangalii hata dirishani, nami natamani kuwatikisa niwaambie mlicho nacho hamkijui.

Mwanao,
Kipkemei


Sheffield
20 Septemba 1956

Baba, niandikie. Hata likiwa neno moja, hata likiwa baya.

Kipkemei


Gengi ya Kumi na Moja
30 Septemba 1956

Mwanangu Kipkemei,

Kwanza: wote wazima. Sasa kaa chini usome. Nilikuacha na hofu, na unisamehe. Sikutaka kukuandikia jambo ambalo halijafika mwisho.

Agosti alikuja inspekta wa reli na toroli, akapima mlima kwa pima maji yake, akaniuliza, na kurudi je? Nabalayo akamjibu kabla yangu, maneno yale yale ya miguu. Yule bwana akacheka, akaandika. Jibu likaja: Jumatano na Jumamosi, treni ya kushuka, dakika mbili, kwa majaribio.

Uchungu ulimshika mke wako asubuhi ya tarehe kumi na mbili, nayo ilikuwa Jumatano. Mungu ana ratiba yake. Tukamkalisha kando ya reli juu ya blanketi. Nikasimama na bendera nyekundu. Miaka ishirini na miwili nimeiambia treni ipite, na siku hiyo mkono ulikuwa mzito, nikaogopa haitanisikia. Ikanisikia. Breki zikalia kutoka kwenye kona, ikaja polepole, ikasimama mbele yangu, mabehewa saba, mvuke unatoka chini taratibu. Peterson alivua kofia. Kitu kikubwa vile, kimesimama kwa ajili ya msichana mmoja wa gengi. Nililia mbele ya watu wangu wa kazi, na sijali.

Alipanda na Mama yako na Nabalayo. Kisha ikaondoka yenyewe, kama nilivyosema.

Mtoto ni wa kike. Alitoka amezimia, hana pumzi, na daktari wa Nakuru alimhangaikia dakika nne ndipo akalia. Kwa hiyo jina lake unalijua bila kuambiwa: Cheptanui, aliyezimia akarudi. Nabalayo anasema kwa machela asingerudi, na yeye si mtu wa kukubali kushindwa.

Jana tulikwenda kuwapokea Elburgon, watu kama thelathini, tukapanda mlima kwa miguu tukipokezana mtoto. Treni ya kupanda ikatupita ikihema, dereva akatupigia honi. Niliionea huruma ile injini, haina mwenzake anayeshuka wa kuipa nguvu. Hapo ndipo nikakuamini ile nusu iliyobaki.

Leo baada ya kanisa tumeandika barua nyingine. Tunaomba ya kupanda nayo isimame, na kama haiwezi, walete ile ya waya. Peterson akasema, "Mzee, hiyo wewe hutaiona." Nikamwambia najua, ndiyo maana dole gumba la kwanza kwenye karatasi si langu. Chepchirchir alimfungua mtoto kiganja polepole, nami nikapaka wino. Ni alama ndogo kama punje ya mahindi. Nimeandika jina lake kando, wasije wakadhani ni doa.

Mimi,
Babu yake Cheptanui