Bahati, Mwulizaji Wako Ameniita

Mdogo wangu Bahati,

Jana mchana nilimaliza kumjenga Mwulizaji upya, bila mtandao na bila wewe wa kunicheka. Jua lilikuwa kali na barabara ya Kalundu haikuwa na mtu. Hakuna pikipiki hata moja, Bahati. Uvira isiyo na pikipiki inatisha kuliko milio ya bunduki kule tambarare, kwa sababu unalisikia ziwa mpaka jikoni, na unaanza kusikia na mengine.

Unakumbuka tulivyoanza? Zahanati ya Bwegera, kule tambarare, ilikuomba programu ya kupanga foleni ya wagonjwa, mimi nikawa naijaribu kwa majina ya majirani zetu, kila mmoja na umri wake na homa yake. Ulicheka mpaka ukaegemea ukuta, ukaniita kama mdogo anavyomwita mkubwa wake:

“Yaya, weye unawaza bagonjwa bazuri tu! Na mutoto mwenye hana jina bado, utamuandika namna gani?”

Ndipo ukamwandika Mwulizaji, maktaba ya programu inayotunga majaribio yenyewe. Anachanganya herufi na namba, anabuni wagonjwa ambao hakuna mtu angewawaza, kisha anaitupia programu mpaka aone inavunjikia wapi. Ulimweka wazi mtandaoni, yeyote amchukue, amsome, ambadilishe. Wewe wagonjwa wale uliwaita “batu betu”. Mimi niliwaogopa kidogo, nikuambie ukweli. Mwanamke atakayezaliwa kesho. Mzee asiye na umri. Majina yasiyotamkika, yanapita kwenye kioo kama watu wanaokatiza uwanja wetu bila kusalimia.

Halafu ukamwingiza mama humo. Tangu utotoni alituonya kwamba ukiitwa na mtu usiyemwona, usiitike mara ya kwanza. “Mutu muzima, mwenye iko hai, anaita mara mbili; mufu, mara moja. Ukiitika ya kwanza, unamufuata mwenye alikuita.” Sote tulikua hivyo, tunasimama kimya na ndoo ya maji kichwani, tunasubiri mwito wa pili. Nawe, kila kosa lilipojitokeza kisha likapotea, ulichoka kulifukuza, ukaandika sheria: Mwulizaji akiona kosa, amrudie mgonjwa yuleyule. Likirudi, ni kosa la kweli. Lisiporudi, aandike tu, *Limeita mara moja. Tusijibu.* Mama alipousoma ujumbe huo alikupiga kofi la mgongo, huku anacheka.

Ulipanda pikipiki kwenda kumsakinisha Mwulizaji Bwegera wakati watu walikuwa tayari wanateremka na magodoro, wakikimbia vita. Nilikushika mkoba. Ukaniambia, “Yaya, niache. Minye nitarudia, programu tu iko inaningoja.” Barabara ikafungwa nyuma yako. Wengine wanasema walikuona Bwegera, wengine wanasema pikipiki ilirudi bila mtu. Mama amevuka kwenda Bujumbura. Mimi nimebaki, maana ukirudi ukakuta mlango una kufuli, utakwenda wapi?

Sasa wauguzi waliokimbia Bwegera wanapokea wagonjwa katika darasa moja hapa mjini, nao wameomba ile programu. Sikutaka kuwapa kitu kisichojaribiwa. Nikachukua flashi yako yenye uzi mwekundu, nikaanza kujenga. Kila mara ujenzi ulikatika njiani, mara kipande hiki hakipo, mara kile ni cha zamani. Nilikutukana kwa sauti, kisha nikanyamaza, maana nyumba ilikuwa kana kwamba inasikiliza.

Mwishowe akakubali. Nikamwachia foleni ya zahanati, tupu kabisa, haina mgonjwa hata mmoja. Herufi zikaanza kupita, vurugu tupu kama kawaida. Kisha zikasimama. Kwenye jina la mgonjwa palikuwa na neno moja, *yaya*. Kwenye kijiji, *bwegera*. Na programu ilikuwa imemkataa, ikisema: *Huyu anasubiri tayari.*

Katika foleni tupu, Bahati.

Najua utasema uliyapanda maneno hayo mwenyewe ili unitishe. Nimesoma msimbo wote, mstari kwa mstari, hayamo. Utasema ni bahati nasibu. Sawa. Lakini nilisogeza kiti karibu na kioo. Mwulizaji akamrudia mgonjwa yuleyule, kama ulivyomfundisha. Niliomba kosa lirudi, Bahati. Ni nani duniani amewahi kuomba programu ikosee? Likirudi, umeita mara mbili, basi u hai.

Halikurudi. Programu ilimpokea mgonjwa kwa utulivu, na chini pakatokea maneno yako mwenyewe: *Limeita mara moja. Tusijibu.*

Nimekupenda tangu ulipokuwa mgongoni kwangu. Nimechoka kusimama kimya na ndoo kichwani. Najua sheria, na najua mama angeniziba mdomo kwa kiganja chake. Nilinyanyuka, nikafungua mlango unaotazama njia ya Bwegera, nikasema kwa sauti yangu yote, “Niko! Minye niko hapa, Bahati!”

Hakuna aliyejibu. Ziwa tu. Ila tangu hapo mlango sijaufunga, na viatu vyangu nimevivaa.

Aliyeitika,
Yaya wako