Povu Katika Ngozi ya Kitunguu

Handeni, 12 Septemba 1974

Dada Mwaija,

Shikamoo. Mama mkubwa hajambo, na mahindi ya shamba la kijiji yamekubali.

Barua yako ya hadubini mliyoletewa na wafadhili huko Korogwe niliisoma mara tatu, halafu nikaitupa uvunguni. Nyinyi mnachungulia, sisi kidato cha tatu wa hapa mwalimu anachora kwa chaki, tunakariri. Wivu ulinishika, sikufichi. Lakini tulipotakiwa kwenye mtihani kuchora ngozi ya kitunguu, niliikumbuka picha uliyonichorea, nikaichora yote, hata kile kiduara cheusi cha pembeni.

Mwalimu Simeo akaniita. "Hili ni povu la hewa. Kitabuni halimo. Huliona aliyechungulia hadubini tu. Wewe ulichungulia wapi?"

Nikamdanganya kwamba kwenu. Akanipa alama zote, na mwisho wa mwezi nitasimama mbele ya darasa niwaeleze wenzangu nilichokiona.

Dada, uliona nini? Niandikie upesi. Na likizo hii usinishonee gauni. Niombee kwa mwalimu wako nichungulie na mimi, hata mara moja.

Mdogo wako mwenye kijicho,
Mwantumu