Tepu ya Anko Moffat

Gakindu, 6 Agosti 2024

Anko Moffat,

Habari ya Kiganjo? Anti Sophie na mguu yake wanaendeleaje? Sisi hapa kwa mama tuko sawa, baridi tu ndio imetukalia. Naandika kwa simu kwa sababu nikikupigia unaongea wewe peke yako.

Gari yako, hii uliniachia niendeshe, iko na shida. Kwa dashibodi, ile taa iko kama birika inatoa tone, imewaka nyekundu. Hiyo ni ya oili. Nimevuta ile chuma ya kupima, imetoka kavu. Nikaongeza, asubuhi iko kavu tena. Na ule mshale wa joto hulala katikati, sasa unapanda karibu na H. Taa ya rangi ya machungwa unaweza enda nayo polepole mpaka kwa fundi. Nyekundu unasimama. Nimesimama.

Mpwa wako,
Theuri

Kiganjo, 7 Agosti

Kijana ya dada yangu,

Sisi wazima. Niko hapa napaka geti rangi ya kijani, na wewe unaniletea hadithi ya birika. Hiyo taa ni sensa tu. Uliacha shule darasa la tano, nani amekufunza gari ya Japani?

Jumamosi unatubeba na wazee mpaka Giakanja, kupeleka mahari, ruracio ya kijana wangu Mwai. Wakiona taa nyekundu watasema Moffat anaenda kuombea mtoto bibi na gari mgonjwa. Nitakuja hapo kwenu nifunike hiyo taa na tepu nyeusi. Yako ni kuendesha.

Mjomba wako

Kiganjo, 12 Agosti

Theuri,

Leo sikuulizi habari. Fundi anasema injini imeshikana, imekufa. Jumamosi wazee walipanda mlima kwa miguu wakibeba kreti za soda, na watu wa Giakanja walikuwa kwa geti wanacheka.

Nimeambia familia yote, na mama yako pia, ati ulichoma injini kwa kutoangalia dashibodi. Jumapili kuja na mbuzi, usimame mbele ya watu useme makosa ni yako. Unajua laana ya mjomba si mchezo. Ukikataa, hakuna mwenye gari hapo kwenu Mukurweini yote atakupatia ufunguo. Nitaongea na wao mmoja mmoja.

Mjomba wako

Gakindu, 16 Agosti

Anko,

Natumai umeamka salama, na mguu ya Anti imepoa. Leo naandika kwa karatasi, utaona ni kwa nini.

Unataka nisimame niongee. Unajua watu wakiwa wengi mdomo yangu inakauka. Ndio maana umechagua hivyo.

Jumamosi niliongea mara moja tu. Kwa ule mlima, mshale umefika H, injini inagonga kama mtu anapiga bati. Nikasema, "Anko, tusimame." Ulikuwa kiti ya mbele, na kofia yako ya ruracio. Ukasema, "Kanyaga. Taa iko wapi? Mimi sioni taa." Wazee wakacheka. Nikakanyaga, kwa sababu wewe ni ndugu ya mama, na mjomba habishaniwi.

Sasa mama haniangalii. Ananipatia chakula akiangalia ukuta. Hiyo ndio imenikasirisha. Injini unaweza nunua ingine.

Mbuzi sileti. Kama ni kunilaani, laani. Lakini kwanza angalia hapa chini. Hiyo ni ile tepu. Niliibandua kwa dashibodi wakati ulikuwa unanitukana kando ya barabara, nikaiweka kwa mfuko. Sikuifuta. Alama ya kidole yako ya gumba iko hapo yote, na rangi ya kijani ya geti yako.

Barua sijaweka kwa bahasha. Nimepatia mama akuletee. Yeye husoma polepole, lakini kutoka Gakindu mpaka Kiganjo ni mbali.

Mtoto wa dada yako,
Theuri