Waya wa Nalufenya

Kwako Mubaraka, dereva wa trela, Namatala, Mbale.

Sisi hapa Nalufenya ni wazima. Paa lililotobolewa na risasi nimeliziba mwenyewe.

Tangu wanajeshi wakuchukue na trela yako, mimi mkeo nimekungoja. Vita vikaisha, ukaniandikia kutoka huko Namatala kwamba barabara ya Jinja ya kuja kwetu bado haipitiki. Juzi ukapita mlangoni kwetu umebeba tingatinga, ukakwama chini ya waya wa umeme ulioning'inia. Nikauinua kwa mti uleule ulionikatia wa kutegemeza kamba ya nguo. Ukanitazama usoni, ukasema, "Asante, mama," kama kwa mwanamke yeyote wa njiani, ukatia gia.

Ukirudi, waya utaukuta umening'inia. Mti nimeshaupasua kuni.

Ni mimi, mama wa njiani,
Hajarah