Wifi, Kapime Damu Kabla Hujajifungua

Hlotse, Lesotho
9 Julai 2023

Mpendwa wifi yangu Nthati,

Pokea salamu kutoka huku kwenye baridi. Hujambo? Mgongo umepoa? Mtoto anacheza tumboni? Mimi niko kwa wazazi wangu, nimeanza kula vizuri tena.

Juzi nilikuwa nakunja mablanketi nikamkumbuka Kananelo wangu. Kila nilipomaliza kukunja, yeye aliyakunjua yote, akajifunika kichwa, akaniita nimtafute.

Hukuja mazikoni kwa sababu ya ujauzito, huenda hukusikia. Mama yako ndiye aliyenipa jina la 'MaKananelo, Mama Kananelo, siku nilipoolewa, kabla hata mtoto hajazaliwa. Kaburini aliniambia mbele ya watu, "Rudisha jina letu, binti wa watu. Umetuletea damu mbovu, ondoka nayo." Shangazi yenu akacheka, "Mwachieni viatu jamani, kwao ni mbali."

Wiki iliyopita daktari wa Bloemfontein alitupigia simu, mimi na kaka yako Tlali, kutupa majibu ya damu zetu. Alieleza polepole. Ndani ya seli mna uzi mrefu wenye maelekezo ya mwili, umekunjwa kama blanketi. Protini kadhaa hushirikiana kuukunja na kuukunjua, ndipo seli hujua wakati wa kukua na wakati wa kutulia. Kananelo alikosa protini moja katika kundi hilo, seli za figo yake hazikutulia, zikawa saratani.

Kasoro hiyo anayo Tlali. Mimi sina. Mtu anaweza kuwa nayo akabaki mzima, ikamuua mwanawe. Huenda aliirithi kwa mzazi wenu mmoja, basi hata wewe unaweza kuwa nayo.

Tlali alikuja hapa na mfuko wa matofaa. Akasema, "Usimwambie Nthati, utamtia hofu bure. Mama ameshazoea kukulaumu wewe, nawe umeshaondoka. Unapungukiwa nini?" Nilimmenyea tofaa moja, akala, akaenda zake.

Najua mtoto wa kwanza utakwenda kumzalia kwa mama. Hata akikuapia kwamba damu yenu ni safi, kapime. Ukikutwa nayo, mtoto naye apimwe, wamchunguze mara kwa mara. Tumbo la Kananelo lilipovimba, mama alisema ni shibe ya papa, ugali wetu wa kila siku. Nami nilimwamini.

Msalimie mumeo Sello. Mama naye msalimie. Mungu akufungue salama, na huyo mtoto akunjue mablanketi yako mpaka uchoke.

Wako akupendaye,
Mama yake Kananelo